Kichocho Kilichofuata Mwezi

"Hivi, Mama Ritha, hicho kichocho chako kinajuaje kama mwezi umeandama?"

Mwanamvua, jirani yake pale Mngeta, aliuliza hivyo wakifua nguo, na Klementina akacheka mpaka povu likamrukia usoni. Kisha akaanza kuwaza. Kweli bwana. Tangu amzae Ritha kwa upasuaji, siku zake hazikurudi kwa njia ya kawaida. Badala yake, kila mwezi mkojo ulikuwa mwekundu siku tatu nne, halafu unatakata. Na bonde zima linajua, mkojo wa damu ni kichocho cha majaruba ya mpunga. Vidonge vyake alishavimeza mara nyingi kuliko alivyokula pilau.

Vitus, mumewe, ni mpole, ila akishika neno halegezi. "Maji yanakumaliza, mke wangu. Msimu huu jaruba lako nampa mdogo wangu Lukelo alime." Na jaruba lile Klementina aliachiwa na marehemu mama yake, ndicho kitu alichokiita changu.

Basi Klementina akamwomba akapimwe kwanza, wakashuka Ifakara, hospitali. Daktari Herieth alimsikiliza bila kumkatiza.

"Dada, nahisi kibofu na kizazi vimetobokeana pale kwenye kovu la upasuaji, damu ya mwezi inatokea kwenye mkojo. Lakini mimi nahisi tu. Picha ndiyo itasema."

Wakajaza kibofu dawa inayoonekana kwenye eksirei. Picha ikatoka safi, hakuna panapovuja. Klementina akaanza kufunga kitenge aondoke.

"Bado," daktari akasema. "Matundu mengine hupitisha upande mmoja tu. Kesho tunaanzia kwenye kizazi."

Kesho yake akalala tena kitandani, Salamu Maria mdomoni. Dawa ikaingia taratibu. Kwenye kioo kizazi kikajaa weupe, mara uzi mwembamba ukachomoza penye kovu, ukamwagikia kibofuni.

"Umeona?"

"Nimeona, daktari. Panya katoboa tuta la jaruba!"

Daktari akacheka hadi akashika meza. "Haswa. Na tuta linazibika. Tutakushona, utapona."

"Kwa hiyo si kichocho? Si maji ya shamba?"

"Maji ya shamba hayahusiki kabisa na hili."

Klementina akajifunika kitenge vizuri, akakaa wima.

"Mume wangu yuko nje kwenye benchi. Naomba umwite, umwonyeshe picha hii, umwambie jaruba langu asimpe mtu."