Bibi Somoe na Mpelelezi Mzee

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Masasi, Matroni alinitazama viatu kabla ya uso. "Hivyo vya kelele utavivaa harusini," akasema. Nikamaliza zamu kwa kandambili za kuazima.

Nyinyi manesi wa leo mnampa mgonjwa wa kifua kikuu dawa akamezee nyumbani. Enzi zetu alilazwa miezi miwili ya mwanzo, achomwe sindano kila asubuhi na kumeza vidonge mbele yetu. Balaa ni pale miezi hiyo ilipoangukia msimu wa korosho. Mgonjwa akipata nafuu kidogo tu, anatoroka kwenda kuokota. Na anayekatiza dawa, ugonjwa humrudia ukiwa sugu.

Nilipohamishiwa wodi ya kifua kikuu ya Newala nilimkuta Bibi Somoe, mjane, ameshafunga kanga zake. "Kesho naondoka, mwanangu. Mashemeji watazimaliza korosho zangu." Nilimbembeleza mpaka nikachoka, nikakaa pembeni na riwaya yangu ya upelelezi, kuukuu, jalada limeachia.

"Kinasema nini hicho?"

"Bibi mmoja mzee anamtafuta aliyemuua tajiri wa kijijini kwao."

"Kwani polisi hawapo?"

"Wapo, ila hawamsikilizi."

"Hebu soma kwa sauti."

Kesho yake hakuondoka. Wodi nzima ikawa inaingoja jioni. Wengine walimshuku mtunza bustani, wengine mpwa wa marehemu, na ubishi ukawasahaulisha hata uchungu wa sindano. Nami nilizidi kumpenda yule bibi wa kitabuni, anavyouliza maswali ya kijinga huku anashona, watu wakimwona amechoka akili.

Siku moja Muuguzi Mkuu wa pale Newala alinifuma nikisoma. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Akasimama mlangoni mpaka sura ikaisha, kisha akaniita nje. "Sura moja kwa siku, Sista. Ya mwisho utaisoma siku ya sindano ya mwisho ya Bibi Somoe."

Ndivyo nilivyofanya. Muuaji akawa daktari wa familia, na wodi ikalipuka kwa kelele. Bibi Somoe alikuwa anakunja shuka, ametulia.

"Hukushangaa, bibi?"

"Huyo nilimjua mapema. Aliisifu chai ambayo hakuinywa."

"Sasa ulibaki kwa nini? Korosho si zimeshaokotwa?"

"Zimeokotwa. Mimi nilitaka kuona kama watamsikiliza yule mzee. Nyumbani nilikohoa mwaka mzima, nikiwaambia naumwa, wanasema ni uzee."

Nilimsindikiza hadi getini, moyo ukiniuma.

Nimestaafu, niko kijijini Chiungutwa, na riwaya za wapelelezi wazee bado nazisoma kibarazani kwa raha zangu. Juzi nilikohoa siku kadhaa, mkamwana wangu akasema ni vumbi tu, mama, umri huo. Nikapanda bodaboda nikaenda Masasi kupima mwenyewe. Kweli lilikuwa vumbi. Nauli siijutii.