Mpaka Mvua Iishe

Tulisafiri kwa sababu ya mvua. Tangu udongo wa kilima uifukie nyumba yao usiku, bibi yake akafa humo, Zawadi, binti wa kaka yangu, hakuweza kuona wingu bila kuingia chini ya meza na kutetemeka. Nilimchukua kwangu Biharamulo, na dawa yangu ilikuwa redio: mvua ikianza tu, naifungulia sauti yote mpaka majirani wanagomba. Mtoto hakutoka chini ya meza.

Asubuhi tulivuka daraja la Rusumo, tukaingia Rwanda. Baada ya hapo vilima vikawa vinapokezana, ukungu umelala mabondeni, nami nikasinzia macho wazi. Zawadi alitazama mawingu tu.

Jioni, Rebero, mtaa wa Kigali. Mwenyeji wetu Mama Keza, Mnyarwanda aliyekulia Kagera, alimkumbatia mtoto mlangoni. "Humura, mwana wangu, usiogope. Hapa mvua iko mingi, lakini nyumba iko na nguvu."

Nilitamani kumziba mdomo. Nani kamwambia amtajie mtoto huyu mvua?

Kesho yake, Kicukiro. Claudine, mshauri wa watoto tuliyemfuata huko, alitandaza kamba sakafuni na kusema ndiyo maisha ya Zawadi: siku njema tuweke ua, siku mbaya jiwe. Kila tulipokwenda alimrudisha kwenye usiku ule, buhoro buhoro, yaani polepole, na kila mara kisa kilikatikia kwenye mngurumo wa udongo. Nilikaa pembeni nikilia. Nilitaka nimbebe nikimbie naye.

Siku moja Claudine akauliza, "Halafu, mvua iliisha saa ngapi?"

Hatukuwahi kumuuliza hilo. Zawadi aliinamisha kichwa, kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Asubuhi," akasema. "Jogoo aliwika. Baba akanibeba mgongoni." Akachukua ua, akaliweka mbele ya jiwe la usiku ule.

Tulipoaga, Claudine akanigeukia. "Redio iko nafunika kila kitu, shangazi. Uzime kidogo kidogo. Asikie mvua, wewe uko hapo karibu."

Nilikuwa nimempeleka Kigali ili asahau. Kumbe alihitaji mtu wa kukumbuka naye mpaka mwisho.

Tulifika Biharamulo mchana, mawingu yametutangulia. Matone ya kwanza yalipogonga bati, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye redio. Zawadi akaushika. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Acha, shangazi. Tuisikilize mpaka iishe."

Tukakaa. Ilinyesha sana. Ikaisha.