Matundu Yaliyozibwa kwa Gundi

Magoti! Eti binti hana magoti! Bisibisi aliisikia kauli hiyo kupitia dirisha la karakana, akaweka spana chini haraka, isije ikamtoka mkononi ikamfuata mtu kichwani.

Huyu Bisibisi, mama wa miaka hamsini na mitatu, alikuwa fundi wa klabu ya bwawani mwaka wa kumi na tisa huo. Jina lake halisi alilijua karani wa mishahara peke yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vile vibao virefu vyembamba ambavyo mtu husimama juu yavyo akavutwa na boti: kibao kimoja, miguu yote miwili, kiatu kimoja mbele na kingine nyuma. Na aliyesemwa magoti ni binti wa kaka yake, mwalimu wa chekechea, mfupi, shupavu, ambaye kwa miezi minane aliamka alfajiri kufanya mazoezi ili apate nafasi kwenye timu. Mchujo ulikuwa leo. Kila mtu alipewa nafasi mbili, na asiyezunguka maboya manne kati ya sita, kwaheri. Nafasi ya kwanza binti alianguka kwenye boya la pili.

"Hana magoti," mwenyekiti wa klabu alirudia kule nje, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike. "Wengine hawakuumbiwa mchezo huu."

Binti akaingia karakanani akichuruzika maji.

"Shangazi, najikunja mpaka nyonga zinauma. Mguu wa nyuma unanivuta tu. Labda kweli siwezi."

"Koma! Usilirudie hilo neno. Hebu simama hapa nikuone."

Alimsimamisha juu ya kibao pale sakafuni, miguu ndani ya viatu, akamwambia akunje magoti. Kisha akachutama akatazama. Kati ya kisigino cha kiatu cha mbele na ncha ya kiatu cha nyuma vilipita vidole vitatu vizima. Loo! Mtoto wa watu alikuwa amepanuliwa kama ngazi ya mpaka rangi, uzito wote umemkalia nyuma, mkia wa kibao unazama. Nani ageuke hapo?

"Vua. Tunakisogeza cha nyuma tundu moja mbele."

Kusogeza kwenyewe si kazi. Kiatu kimekaa juu ya bamba, bamba lina skrubu nne. Unalegeza, unasogeza, unakaza, dakika tano pamoja na porojo. Lakini Bisibisi alipolinyanyua bamba alikuta matundu ya mbele yamejaa gundi ngumu, nyeusi. Gundi ile aliijua, kwa kuwa aliitia yeye.

Miaka sita nyuma mwenyekiti aliingia karakanani amevimba, kisa kila akichukua kibao cha klabu anakuta viatu vimehamishwa. "Funga vyote kwa kipimo changu," aliamuru, "na matundu mengine ziba." Kipimo chake! Mtu mwenyewe ana miguu ya korongo! Bisibisi alijua ni upuuzi mtupu. Akaguna, akasema, "Sawa, mzee," akaziba vibao kumi na kimoja kabla ya chakula cha mchana.

Sasa akaitwaa drili.

"Shangazi, atakufukuza."

"Anifukuze! Kwanza kachelewa."

Gundi ikatoka vumbi vumbi. Akapuliza, akasogeza, akakaza taratibu kwa mkono, maana nati za ndani ya kibao zikishang'oka hazirudi. Vidole vitatu vikabaki kimoja.

Binti akarudi majini. Boya la kwanza. La pili, pale pale alipoangukia. La tatu, la nne, la tano! La sita lilimponyoka, lakini nani alijali? Watu ukingoni walipiga makofi, na mwenyekiti naye akapiga, tena kwa madaha.

"Mnaona? Nilimwambia akunje magoti!"

Hapo Bisibisi alipandwa na mori.

"Magoti ni yale yale, mzee! Kilichohama ni kiatu. Nimekihamisha mimi, na matundu nimeyazibua mimi, kwa sababu niliyaziba mimi, kwa amri yako!"

Mwenyekiti akatazama kibao, akatazama watu. Mwamuzi alikuwa ameshaandika: maboya matano.

"Nitalifikisha kwenye kamati," akasema.

"Lifikishe leo leo. Nitakuja na drili yangu."

Watu wakaangua kicheko. Binti akamkumbatia shangazi yake, akamlowesha chapachapa, lakini Bisibisi hakukaa kushangilia. Alirudi karakanani kuvishusha vile vibao kumi vilivyobaki.

Cha kwanza kukishika alikikumbuka. Mwaka juzi alikuja mama mmoja mshonaji, mfupi vilevile, akaanguka nacho wiki sita mfululizo. Siku ya mwisho alikileta mwenyewe hapa mezani. "Asante, fundi," alisema. "Wanasema sina magoti." Na Bisibisi, anayejua kila tundu la kila kibao humu ndani, alikipokea, akakifuta maji, akakitundika ukutani, akamwambia pole. Basi, pole tu.