Wekundu wa Juisi na Wekundu wa Damu

Siku yangu ya kwanza kazini niliifanya zahanati nzima ikimbie kwa sababu ya juisi. Nilikuwa mhudumu mpya pale Mfaranyaki, nimemaliza kidato cha nne, koti jeupe limenipwaya. Akaja mama na mtoto anayeharisha. Nikafunua nepi, nikaona wekundu, nikapiga kelele, "Damu! Kuhara damu!" Waliokuwa kwenye benchi walitoka mbio, wengine wakaacha kandambili.

Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alikuja taratibu, akainamia nepi, akamuuliza mama, "Jana alikunywa nini?"

"Juisi ya unga, Daktari. Ile ya pakiti, nyekundu."

Bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kuruhusiwa nchini, na maduka yaliyozoea chumvi na viberiti yalijaa pakiti za kila rangi. Mganga Mfawidhi akanigeukia. "Kijana, wewe umeona rangi. Ugonjwa bado hujauona."

Akanifundisha palepale. Kuhara kwa kawaida ni majimaji mengi. Hatari yake ni mwili kukauka, basi mgonjwa anyweshwe mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari tunaouita ORS. Kuhara damu ni kingine. Choo hutoka kidogo kidogo, kina damu na ute kama kamasi, tumbo linasokota, mara nyingi homa ipo, na mgonjwa anajikamua hata kama hana kitu. Huyo naye anyweshwe, lakini maji peke yake hayamponyi: apimwe, apewe dawa inayoua vijidudu vyake.

Jina la utani la Juisi lilinifuata hadi kijijini Lusewa nilikohamishiwa. Kwa vile mimi ni mtu wa kupenda kitanda changu, nililalamika mpaka wakanirudisha mjini, kwenye zahanati ileile, nikawa nalala nyumbani kwangu mtaa wa Lizaboni.

Jioni moja jirani yangu, Mama Tasiana, akaniita uani kwake. Mjukuu wake alikuwa anaharisha.

"Ni juisi tu, Baba Oswini," akasema akicheka. "Usije ukatukimbizia mtaa!"

Nilitamani kucheka naye nirudi kwenye ugali wangu. Kuchekwa mara moja kulinitosha. Lakini mtoto alikuwa kwenye poti, amejikunja, analia, anajikamua. Nikamgusa shingo: moto. Nikachungulia: ute kiasi cha kijiko, na michirizi myekundu ndani yake.

"Mama Tasiana, juisi haina kamasi. Mbebe twende."

"Sasa hivi? Nina maharage jikoni!"

"Yaache yaungue."

Tukamfuata Mganga Mfawidhi nyumbani kwake. Alitazama, akachukua funguo za zahanati. "Leo umeuona," akaniambia.

Baada ya siku chache za dawa, nilimsikia yule mtoto ng'ambo ya ua akigombania ukoko wa ugali. Nilishusha pumzi hadi mke wangu akauliza nimebeba nini.

Sasa nimestaafu, kazi yangu ni kulinda kibaraza. Yule mtoto ni dereva wa bodaboda, akipita hupaza sauti, "Shikamoo, Babu Juisi!" Nami naitikia marahaba kwa furaha kubwa kuliko ninavyoonyesha. Vijana wa zahanati wakija, nawaambia: ulizeni, kisha tazameni, hata mkiona kinyaa.

Juzi nilikuwa namweleza Mama Tasiana, kifua mbele, jinsi kunawa mikono na choo safi vinavyozuia kuhara damu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatupa jicho nyuma ya nyumba yangu, akasema, "Baba Oswini, vinyesi vya wenzio unavijua sana, ila choo chako hakina mlango tangu masika."