Bakuli la Mama Wakesho

Kwa shangazi yangu Shekha, hapa Malindi, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mchuzi, bakuli lake unalirudisha na chochote: tende, kaimati, hata ndimu. Ndiyo maana lile bakuli la bati lenye maua ya buluu lilimnyima usingizi muda wote wa eda.

Lilikuja na marehemu mumewe, Harith, aliyekuwa mchuuzi wa leso. Alikuwa akifunga mzigo mgongoni, anapanda basi hadi Voi, kisha anazunguka kwa miguu miji midogo ya milima ya Taita, akilala kwa yeyote atakayemwambia karibu. Safari yake ya mwisho alirudi na bakuli hilo, alilotiliwa chakula cha njiani na mwenyeji wake, Mama Wakesho. Alikusudia kulirudisha, akafa kabla.

"Mume wangu kaacha chombo cha watu nyumbani," Shangazi alisema eda ilipokwisha. "Nitakipeleka mwenyewe."

Alikuwa hajawahi kupita Mombasa. Mimi nilikuwa likizo ya chuo kikuu, nikaambiwa nimsindikize.

Alipika visheti, akalijaza bakuli, akalifunga kwa kitambaa. Visheti vingine akavitia kwenye mfuko wa njiani kwa ajili ya watakaotulaza. Aliponiona nikipakia vitabu kwenye mkoba wa mgongoni, akacheka.

"Fahima, mlima unapandwa kwa miguu au unasomwa?"

"Ni vya njiani, Shangazi."

"Haya. Tukishikwa na njaa utatukaangia ukurasa."

Harith alikuwa akimsimulia njia kwa watu, si kwa vijiji: unaanza kwa fundi cherehani mwenye kigugumizi, unapanda hadi kwa mwalimu mfuga nyuki, unafuata mto mpaka kanisa la mawe, jirani na kwa Mama Wakesho. Nasi tukaenda hivyo hivyo. Fundi alipojua huyu ni mke wa Harith, alisimamisha cherehani, mkewe akatuchemshia maji ya kukanda miguu. Kwa mwalimu tulipewa asali na mablanketi yenye harufu ya moshi. Njiani watu wasiotujua kabisa walituita tunywe chai, na kila tulipoketi Shangazi alifungua mfuko. Nakumbuka bado ukungu ulivyokuwa ukiingia mlangoni pamoja nasi, kama mgeni wa tatu.

Mfuko ulikwisha kwa mwalimu. Kesho yake mvua ikatukuta, mzee mmoja akatuingiza kwake, akatuachia kitanda chake. Shangazi aliutazama mfuko mtupu, akalitazama bakuli.

"Hatulali kwa mtu mikono mitupu," akasema, akafungua kitambaa. "Nachota kidogo tu."

Kidogo hicho alikichota tena kila mlango uliotukaribisha. Tulipoliona kanisa la mawe, bakulini zilibaki chenga za sukari tu. Shangazi akaketi juu ya jiwe.

"Turudi."

"Shangazi, tumeshafika!"

"Nimefika na chombo kitupu. Nitamtazama vipi yule mama?"

Nikatoa kitabu kimoja, nikampa akitie bakulini. Alikigeuza, akanirudishia kwa upole, kama mtu anayekataa sahani asiyotaka kuidharau. Kisha akavua leso mabegani mwake. Ilikuwa ya mwisho aliyochaguliwa na Harith. Akaikunja vizuri, akaitia bakulini, akafunika.

Mama Wakesho alikuwa mama mrefu, mikono ina udongo wa shamba. Alilitambua bakuli kabla hajatusalimu.

"Bakuli langu! Na Harith yuko wapi, amejificha nyuma ya ua?"

Shangazi akamwambia. Mama Wakesho akaketi pale pale kizingitini. Alipofunua bakuli aliiona leso, akamwona na mgeni wake anavyotetemeka kwa baridi. Akainuka, akamvisha.

"La, dada, hiyo ni yako!" Shangazi akashtuka. "Ukinirudishia, nitakuwa nimeleta bakuli tupu."

"Na likiwa tupu?"

"Kwetu ni aibu."

Mama Wakesho alifikiri kidogo, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asikie habari ile. "Basi bado hujalirudisha."

Asubuhi tulipoaga, alilitoa jikoni limejaa kimanga, mseto wa viazi na maharage yaliyopondwa, bado yanatoa moshi. "Nenda nalo. Uniletee siku litakapokuwa limejaa."

"Na ukinirudishia namna hii tena?"

"Hayo ni yangu. Wewe shughulika na aibu zako."

Tangu hapo Shangazi alipanda kila mwaka na bakuli limejaa, na kila mwaka alishuka nalo limejaa. Mapishi ya visheti yakifika, jirani walijua anakwenda kwa nduguye wa mlimani.

Sasa magoti yamekataa. Juzi alipika visheti ameketi kigodani, mimi nikikata unga uliokandwa, naye akinihadithia njia ileile kana kwamba sikuwahi kuipita. Mkoba wangu uko mlangoni, bakuli limefungwa kwa kitambaa.

"Kwa fundi uketi unywe chai, usione haya ukakimbia," ananiusia. "Na mfuko wa njiani uwe mkubwa. Bakuli usiliguse."

"Na Mama Wakesho akinipa nirudi nalo?"

Ananitazama kana kwamba nilisoma vitabu vyote vile bure.

"Asipokupa, muulize nimemkosea nini."