Nzi Aliyelazwa kwenye Kitambaa Cheupe

Sikumaliza darasa la nne, lakini hapa kambini Nakivale ukitaka kumjua nzi kwa picha, unakuja kwangu. Nilijifundisha mwenyewe: napiga picha shambani, natuma kwa wajuzi kwenye simu, wananipa jina, nalitia kichwani. Halitoki. Dawa za mimea nazifuata Mbarara kwa pikipiki yangu. Wenye vyeti wanapita dukani kwangu kwa miguu.

Siku moja akaja jirani yangu, mjane kutoka Kivu. Maharage yake yalikuwa yananyauka, na watoto wake hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea.

"Baba, banzi bako mingi kule. Nipulize dawa ao niache?"

Swali zuri. Kuna nzi mweusi mdogo anayetaga kwenye maharage, funza wake wakaua shina. Huyo hana msamaha. Kuna mwingine, ana mistari ya manjano, huelea hewani kama amening'inizwa. Funza wake hula vidukari, wale chawa wa mimea. Huyo ukimuua, umejimaliza.

Akanipa simu yake, nikafungua picha. Alikuwa amempiga nzi kwa kandambili, akamlaza juu ya kitambaa cheupe, na ua pembeni, kama tunavyowapiga picha marehemu wetu kabla ya kuzika. Mistari gani? Lilikuwa doa tu.

"Mama, hii ni picha ya nzi ao ya kilio?"

Duka zima likacheka. Mrundi mmoja aliyefuata mbegu akavua kofia: "Pole, mama. Alikuwa shemeji?"

"Ameacha wajane wangapi?" nikaongeza.

Mama akatabasamu, kisha tabasamu likafa. "Akiwa muzima hatulii, baba."

"Umngoje. Mimi maiti siisomi. Na usipulize kitu mpaka uniletee mzima."

Hakurudi. Aliona haya, akaenda Kaberebere kununua dawa kali kwa watu wasiouliza kitu. Akapuliza, akarudia. Nilipopita shambani kwake, vidukari vilikuwa vimefunika mashina kama masizi ya sufuria, na juu ya majani nzi wamelala chali. Manjano tupu.

"Baba, huyu alikuwa nani?"

"Askari wako."

Akaanza kung'oa maharage, shina kwa shina. Mimi nikainama nikapiga picha. Ilitoka vizuri: ukiikuza unaona hata mistari. Nimeibandika dukani, na kila anayeniletea maiti namwonyesha hiyo kwanza.

Mama yule akipita hugeuza uso. Lakini picha ni safi.