Shamba la Kashuga, Pombe ya Kashebere

Muhawenimana hakuwa mtu wa kelele. Lakini siku aliporudi Kashuga baada ya miaka miwili kambini, akakuta maharage ya mtu mwingine shambani mwake, alipiga kelele mpaka kilima cha pili kikasikia.

Shamba hilo alilinunua kwa jirani yake, Nzabonimpa, kabla ya vita kumfukuza. Walisaini karatasi, kisha wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, palepale shambani mbele ya majirani wote, kama inavyofanywa kila ardhi inapouzwa. Nzabonimpa alijaziwa kikombe mara tatu. Sasa anajibu bila haya:

"Dada, ulikawia. Nilisha kuuzisha kwa Déo. Ni makubaliano tu imevunjika."

Makubaliano tu! Watoto wanne wanalala chini ya turubai, na mwanaume mzima anasema "tu"!

Alishuka kwa polisi siku hiyohiyo. Afisa alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, kama angekawia kukupa shamba, ingekuwa maneno ya tribinali ya civil. Hatufungake muntu juu ya ile. Lakini kuuzisha kitu akijua haiko yake tena, ile njo stellionat. Ile iko gereza. Shida ni moya: atasema aliwaza ulikufa."

Muhawenimana hakulala kwa hasira. Kulipokucha alitembea mpaka kijiji cha Kashebere, akamkokota Déo, mwuza chumvi aliyelinunua shamba hilo bila kujua lolote, akamsimamisha mbele ya afisa.

"Papa Déo," Muhawenimana aliuliza, "pombe ya shamba mulikunywia wapi?"

"Kwangu Kashebere, nyuma ya duka. Nzabonimpa alikataa tunywie shambani."

"Umesikia?" Muhawenimana alipiga meza ya serikali kwa kiganja. "Shamba ya Kashuga, pombe Kashebere! Kama aliwaza nimekufa, alikuwa anaogopa majirani waseme nini?"

Afisa aliandika, kisha akatuma askari wawili.

Nzabonimpa aliletwa mchana, bidoni ya kasiksi, dumu la plastiki, mkononi, anacheka meno yote nje.

"Dada, sisi ni majirani. Tukunywe, maneno ikwishe."

Muhawenimana aliichukua bidoni, akaiweka miguuni pake.

"Nitaikunywia shambani yangu, na majirani wote. Weye utakuwa ndani."